Alpine, NeoMutt, aerc, Himalaya au mailx na msmtp: ulinganisho wa programu za barua pepe za terminali

Anayeuliza ni programu ipi ya barua pepe ya terminali (dirisha la kuandikia amri) inayofaa, mara nyingi huwa mmoja wa watu wawili ambao kazi zao hazifanani hata kidogo. Wa kwanza amekaa mbele ya kibodi: amechoshwa na kivinjari kinachokula bando kwa kufungua kikasha tu, au ameingia kwenye seva iliyo mbali kwa SSH na angependa kusoma na kujibu barua humo humo bila kubadili dirisha. Wa pili si mtu, bali ni skripti, yaani faili la amri, inayoamshwa na kroni, mratibu wa kazi za mashine, saa nane usiku ili itume ripoti ya bakapu, na hakuna anayeikumbuka mpaka siku ripoti isipofika. Programu nyingi zinazotajwa kwa pumzi moja katika suala hili zilitengenezwa kwa ajili ya mmoja wao, na mwingine humhudumia shingo upande.

Hapa nalinganisha njia tano ambazo nimezitumia kwa nyakati tofauti katika kutunza seva chache za ofisi na kikasha changu mwenyewe: Alpine, NeoMutt pamoja na mzazi wake Mutt, aerc, Himalaya, na hatimaye mailx ikishirikiana na msmtp. Kila moja naipima kwa vigezo vile vile, ingawa sitajilazimisha kuandika maneno mengi mahali pasipo na la kusema.

## Vigezo

Cha kwanza ni matumizi ya mkono, yaani muda unaomchukua mtu mpaka aweze kusoma, kujibu na kufuta bila kufungua mwongozo, na jinsi programu inavyoshughulika na barua za HTML, yaani zilizopambwa kama kurasa za wavuti, ambazo siku hizi ndizo nyingi: risiti, matangazo, taarifa za benki.

Cha pili ni mtandao na mahali barua zinapokaa. Kwa itifaki ya IMAP, ambayo Mark Crispin aliianzisha mwaka 1986, barua hubaki kwenye seva na programu huzisomea huko. Njia nyingine ni kuzishusha zote kwenye folda za Maildir, ambako kila barua ni faili lake, ndani ya mashine yako kwa chombo kama mbsync, kisha kuzisoma hata mtandao ukiwa umekatika. Kwa anayelipia kila megabaiti, kuna swali dogo ndani ya kigezo hiki ambalo watu hulisahau: ukifungua barua yenye maneno matatu na kiambatisho cha megabaiti 20, je, programu hushusha yale maneno matatu peke yake, au hushusha mzigo wote?

Cha tatu ni nywila. Tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuruhusu programu za nje kuingia kwenye akaunti za kawaida za Gmail kwa nywila ileile unayotumia kwenye kivinjari, na tarehe 16 Septemba 2024 Microsoft ikafanya hivyo kwa akaunti binafsi za Outlook. Tangu hapo mtu wa Gmail huhitaji ama nywila maalumu ya programu, yenye herufi 16 na inayopatikana baada ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, ama tokeni za OAuth2, yaani vibali vinavyotolewa na mtoa huduma badala ya nywila; mtu wa Outlook hana budi kutumia tokeni. Wanaokwama siku ya kwanza, kwa uzoefu wangu, wengi hukwama hapa wala si kwenye vitufe.

Cha nne ni kufanya kazi bila mtu. Skripti huhitaji mambo matatu: programu isiyosimama kusubiri kitufe kibonyezwe, matokeo yanayosomeka na programu nyingine, na namba ya kutokea iliyo ya kweli, yaani sifuri ikiwa barua imepokewa na seva na namba nyingine ikiwa haikupokewa.

Wepesi wa programu sikuufanya kigezo. Zote tano ni nyepesi mno ukizilinganisha na kivinjari, na kubishana ipi inatumia kumbukumbu kidogo zaidi ni kupoteza wakati.

## Alpine

Matumizi ya mkono. Alpine ni mrithi wa Pine, programu iliyoanza mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Washington kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisi za chuo, si kwa wataalamu wa kompyuta, na asili hiyo inaonekana hadi leo. Mistari miwili ya chini kabisa ya skrini huonyesha muda wote vitufe vinavyotumika mahali ulipo: R ya kujibu, D ya kufuta, na kadhalika. Mipangilio yote hufanyiwa ndani ya menyu, kwa kubonyeza S kisha C, bila kugusa faili. Barua ya HTML huigeuza yenyewe kuwa maandishi yanayosomeka. Niliwahi kumfungulia mhasibu wa ofisi yetu, mama mtu mzima ambaye hakuwahi kuona terminali maishani mwake, na kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshajibu barua mbili.

Mtandao na mahali pa barua. Hapa Alpine ina sifa isiyosemwa vya kutosha. Hushusha sehemu ya barua inayohitajika tu, kwa hiyo kiambatisho kizito hubaki kwenye seva mpaka ukifungue kwa hiari yako. Inaweza pia kuhifadhi mipangilio yake na kitabu cha anwani kwenye seva ya IMAP, jambo linalomfaa anayehamahama kati ya mashine kadhaa. Ikiwa unataka kusoma bila mtandao kabisa, kuna chaguo bora kuliko hii.

Nywila. Huuliza kila inapofunguka, na uwezo wa kuihifadhi nywila hutegemea jinsi ilivyojengwa na waliokusambazia. Matoleo ya karibuni yanakubali OAuth2.

Bila mtu. Haikuumbwa kwa kazi hiyo. Unaweza kuipa mfululizo wa vitufe vya kuanzia kwa chaguo la `-I`, lakini hiyo ni njia ya mkato kwa mtu aliyeketi mbele ya skrini, na kuitegemea ndani ya kroni ni kujitafutia balaa.

Inamfaa asiyetaka kujifunza lugha mpya ya vitufe, na yeyote anayesoma barua kupitia laini hafifu. Wanaotumia Termux, programu ya terminali ya simu za Android, wajue kwamba kuandika barua katika Alpine kunahitaji kitufe cha Ctrl mara kwa mara, na kwenye simu Ctrl yaweza kuwa kitufe cha kupunguza sauti. Utazoea, lakini wiki ya kwanza utakuwa unazima muziki badala ya kutuma barua.

## NeoMutt na Mutt

Matumizi ya mkono. Mutt iliandikwa na Michael Elkins mwaka 1995, na kaulimbiu yake ya tangu zamani ni kwamba programu zote za barua pepe ni mbovu, ila hii imezidiwa ubovu na wenzake. NeoMutt ilizaliwa mwaka 2016 kwa kukusanya viraka, yaani marekebisho ya msimbo, vilivyokuwa vimesambaa kwa watu na kuviweka mahali pamoja, ikiwa na safu ya pembeni ya kuonyesha folda na uwezo wa kutumia hazina ya notmuch kutafutia barua. Faili la mipangilio la moja hufanya kazi kwa nyingine kwa sehemu kubwa, kwa hiyo nazijadili pamoja.

Ukiifungua bila mipangilio utadhani imeharibika. Hakuna akaunti, na barua ya HTML huonekana kama takataka za alama mpaka uandike mstari mmoja kwenye faili la mailcap unaoielekeza kwa w3m, kivinjari cha maandishi, na mwingine wa `auto_view text/html` kwenye muttrc, faili la mipangilio la Mutt. Kwa mtu wa kawaida mipangilio hiyo ni jioni nzima ya kazi, na ndiyo sababu wengi huishia kunakili faili la mtu mwingine lenye mistari 300 wasiyoielewa.

Baada ya jioni hiyo, hata hivyo, unapata kitu ambacho sijakiona kwingine kwa ukamilifu wake: lugha ya kuchagulia barua. Mwaka jana kikasha changu kilifikia kikomo cha nafasi. Nilibonyeza D, nikaandika `~f benki ~d >1y ~z >1M`, yaani barua zote zilizotoka kwa anwani yenye neno benki, zenye umri unaozidi mwaka mmoja na ukubwa unaozidi megabaiti moja, nikabonyeza Enter, na barua zaidi ya mia mbili zikapigwa alama ya kufutwa papo hapo. Kwenye kivinjari ningekuwa nabofya visanduku mpaka magharibi. Lugha hiyo hiyo hutumika kupunguza orodha kwa kitufe cha l na kuweka alama kwa T, na kitufe cha `|` huipeleka barua yoyote kwa amri yoyote ya mashine yako.

Mtandao na mahali pa barua. Udhaifu wake mkubwa upo hapa. Inapozungumza na seva ya IMAP husimama kusubiri jibu, na laini ikiyumba skrini nzima huganda. Isitoshe, ukifungua barua hushusha yote pamoja na viambatisho. Akiba ya vichwa vya barua na ya barua zenyewe inaweza kuwashwa, nayo husaidia sana mara ya pili, lakini mara ya kwanza bando limekwisha kwenda. Wanaoitumia kwa raha wengi huiunganisha na mbsync: barua hushushwa usiku, au ofisini penye mtandao wa kudumu, na NeoMutt husoma Maildir ya ndani kwa kasi ya kisu cha moto kwenye siagi. Ukipanga hivyo, inageuka kuwa mojawapo ya programu zinazovumilia zaidi kukatika kwa mtandao.

Nywila. Huweza kuzipata kwa kuita amri ya nje, na kwa OAuth2 hutumia skripti iitwayo mutt_oauth2.py inayosambazwa pamoja nayo. Inafanya kazi, lakini kusajili tokeni mara ya kwanza kunataka subira.

Bila mtu. Kutuma inaweza, na vizuri:

`mutt -s "Ripoti ya wiki" -a ripoti.pdf -- mkuu@example.org < maelezo.txt`

Vile vistari viwili kabla ya anwani si mapambo. Ukivisahau, Mutt huidhani anwani kuwa ni faili jingine la kuambatisha, nawe utabaki kusoma kosa lisiloeleweka. Jambo jingine: Mutt hupenda kuweka nakala ya barua iliyotumwa kwenye folda, na ikiwa folda hiyo iko kwenye IMAP, skripti yako itagombana na seva mbili badala ya moja, kwa hiyo zima uwezo huo kwa `set copy=no` ndani ya faili la mipangilio la peke yake utakalolitaja kwa `-F`. Kusoma na kuchambua barua kwa skripti ni suala jingine. Hapo Mutt haikusaidii, na wanaofanya hivyo huwa wanatumia notmuch pembeni, inayoweza kutoa matokeo kwa JSON, umbo la data linalosomeka na programu nyingine.

Inamfaa anayepokea barua nyingi kila siku, anayependa kupanga chombo chake mwenyewe, na aliye tayari kushusha barua kwenye Maildir.

## aerc

Matumizi ya mkono. Hii ndiyo ninayoitumia kwa kikasha changu kwa sasa, kwa hiyo msomaji anipunguzie maneno inapobidi. Iliandikwa kwa lugha ya Go na Drew DeVault, ambaye alitoa toleo la kwanza mwaka 2019, na sasa inatunzwa na Robin Jarry na wenzake. Mara ya kwanza ukiifungua hukuuliza jina, anwani na seva, na dakika tano baadaye uko ndani. Vitufe vinafuata mtindo wa vim, kihariri cha maandishi cha terminali. Kila barua unayoiandika hufunguka kwenye kichupo chake, na kihariri chako halisi hukaa ndani ya kichupo hicho, kwa hiyo unaweza kuiacha barua nusu, ukarudi kwenye kikasha kunakili namba ya ankara, kisha ukaendelea ulipoishia. Kwa Alpine kufanya hivyo kunamaanisha kuahirisha barua kwanza, na kwa Mutt kunahitaji mipangilio ya ziada.

HTML hupitishwa kwenye vichujio ambavyo tayari vimo, mradi w3m iwepo kwenye mashine.

Mtandao na mahali pa barua. Mazungumzo na seva hufanyika pembeni, na skrini haigandi wakati laini inasuasua. Sehemu za barua hushushwa moja moja, kama Alpine, na kiambatisho husubiri ukihitaji. Inasoma pia Maildir na notmuch, na ni miongoni mwa chache za terminali zinazojua JMAP, itifaki mpya zaidi ambayo bado watoa huduma wachache wanaitoa.

Nywila. Faili la accounts.conf hukubali mstari wa `source-cred-cmd` kwa upande wa kupokea na `outgoing-cred-cmd` kwa upande wa kutuma. Kila mmoja huita amri inayotoa nywila, hivyo hakuna haja ya kuiandika wazi. Ukiruhusu wengine kulisoma faili hilo, aerc hukataa kuanza mpaka urekebishe ruhusa kuwa 600. Wengine huliona hilo kero. Mimi naliona ni adabu.

Bila mtu. Ina ndoano zinazoweza kuendesha amri barua mpya inapofika, na unaweza kuitumia maagizo ukiwa nje yake, lakini yote hayo yanahitaji iwe imefunguliwa mahali fulani. Ukiifunga, ndoano nazo zimelala. Kwa waandishi wa programu wanaopokea viraka kwa barua pepe kuna uwezo wa kuvipeleka moja kwa moja kwa git, chombo cha kutunza msimbo, na kwa kazi hiyo sijaona inayoizidi.

Inamfaa aliyezoea vim, mwenye akaunti mbili tatu, na anayeshinda mchana kutwa ndani ya terminali. Mashine zenye matoleo ya zamani ya mfumo hubeba aerc ya zamani pia, na tofauti kati ya matoleo yake ni kubwa. Ukiona mwongozo unataja amri isiyokuwepo kwako, angalia namba ya toleo kwanza.

## Himalaya

Matumizi ya mkono. Himalaya, iliyoandikwa na Clément Douin kwa lugha ya Rust, si programu ya kufungua na kukaa ndani. Ni amri. Unaandika `himalaya envelope list`, unapata orodha, unarudi kwenye mstari wako. Unaandika `himalaya message read 42`, unasoma barua hiyo, basi. Kwa mtu anayetaka kuangalia mara moja kama barua fulani imefika huku anaendelea na kazi nyingine, ni raha. Kwa kupitia barua 60 za asubuhi ni adhabu, kwa sababu kila hatua ni amri ya kuandika upya.

Mtandao na mahali pa barua. Inazungumza na IMAP, Maildir na notmuch. Kwa kuwa kila amri hujisimamia, kila unapotumia IMAP inafungua muunganisho upya, na kwenye laini yenye ucheleweshaji mkubwa unauhisi.

Nywila. Faili lake la mipangilio, la TOML, linakubali njia tatu: nywila wazi, amri ya kuileta, au hifadhi ya funguo ya mfumo. OAuth2 hutegemea kama uwezo huo uliwekwa wakati wa kuijenga, kwa hiyo hakikisha kabla ya kuipangia kazi.

Bila mtu. Hapa ndipo ilipo nguvu yake. Ukiongeza `-o json` matokeo hutoka katika umbo ambalo jq au Python inalisoma bila kukisia nafasi wala safu. Ofisi yenye kikasha cha maombi, kwa mfano, inaweza kuorodhesha barua mpya, kushusha viambatisho vyake kwa `himalaya attachment download`, na kuvipanga kwenye folda, yote kwa mistari isiyozidi 20. Nina tahadhari tatu. Orodha hutolewa kwa kurasa, na skripti isiyojua hilo itadhani ukurasa wa kwanza ndio kikasha kizima. Kusoma barua huiwekea alama ya kuwa imesomwa, na mwenye kikasha atashangaa kuona barua mpya hazionyeshwi kuwa mpya tena. Tumia `--preview` kulizuia hilo. Na majina ya amri yamebadilika kati ya matoleo makubwa, kwa hiyo andika namba ya toleo ndani ya skripti na usiisasishe kiholela.

Inamfaa anayejenga mtambo wa kusoma na kuchambua barua, na anayependa amri fupi kuliko skrini nzima.

## mailx pamoja na msmtp

Matumizi ya mkono. Amri ya mail ya BSD, iliyoandikwa na Kurt Shoens mwaka 1978, ndiyo babu wa jamii hii. Unaweza kusomea barua, lakini kwa kikasha cha leo chenye HTML na viambatisho sikushauri.

Mtandao na mahali pa barua. msmtp hutuma tu; haipokei. Inachukua barua iliyoandikwa tayari na kuikabidhi kwa seva ya SMTP (ya kutuma barua) ya mtoa huduma wako, kwa kawaida kupitia mlango 587 au 465. Haina foleni. Mtandao ukiwa umekatika dakika hiyo, hushindwa na kurudisha namba isiyo sifuri, na kujaribu tena ni juu yako.

Bila mtu. Kwa kutuma arifa, jozi hii haina makuu na ndiyo maana inapendwa. Mtego uko kwenye jina mailx, linalobebwa na programu zaidi ya moja. Katika s-nail, chaguo la `-a` huambatisha faili. Katika bsd-mailx ya Debian, `-a` ileile huongeza kichwa kwenye barua, na ya GNU nayo huambatisha kwa `-A` kubwa. Skripti iliyofanya kazi miaka miwili kwenye seva moja inaweza kuhamishiwa kwenye nyingine na kuanza kutuma barua tupu. Jua ni ipi uliyonayo kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Nywila. Kigezo hiki nimekiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndicho kilichoniumbua. msmtp ina mstari wa `passwordeval` unaoita amri ya kuleta nywila, nami nikaufuata ushauri mzuri wa kuifunga nywila kwa gpg, chombo cha usimbaji. Usiku mmoja umeme ulikatika, seva ikazimika, ikawaka tena alfajiri bila mtu. Tangu hapo kila saa nane usiku gpg ilikuwa inaomba neno la siri la kufungulia ufunguo, na hapakuwa na mtu wa kulijibu. msmtp ikashindwa. Kroni, kwa uaminifu wake, ikajaribu kunitumia barua ya kunijulisha kwamba amri imeshindwa, na barua hiyo ikapitia msmtp ile ile. Nilikaa siku 19 nikiamini kwamba kimya kile ni cha heri. Bakapu zenyewe zilikuwa salama, kwa bahati.

Sasa akaunti ya kutumia arifa ni ya peke yake na haina barua yoyote ya maana. Nywila yake maalumu ya programu imeandikwa kwenye faili lenye ruhusa 600, linalomilikiwa na mtumiaji wa mfumo asiye na kazi nyingine, na skripti huandika tarehe ya barua ya mwisho iliyokubaliwa na seva, ili mashine ya pili ilalamike ikiona tarehe hiyo imepitwa na siku mbili. Gpg nimeiacha kwa kikasha changu mwenyewe, ambako nipo kuijibu.

Inamfaa mwenye seva inayohitaji kusema neno moja kwa siku, na asiyehitaji kusikia jibu.

## Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa wewe ni mtu anayesoma barua kwa mkono na mtandao wako ni wa kupimwa, anza na Alpine au aerc, kwa sababu zote mbili huviacha viambatisho kwenye seva. Baina ya hizo, swali ni moja: je, vidole vyako vinajua vim? Kama havijui, Alpine.

Ikiwa unakaa siku nzima bila mtandao na kuupata jioni, suala la kwanza ni mbsync na Maildir, na programu ya kusomea ni la pili. NeoMutt na aerc zote hufaa hapo. Mwenye maelfu ya barua za kuchuja ataipenda NeoMutt, na mwenye akaunti kadhaa za kushughulikia kwa pamoja ataiona aerc ni nyepesi mkononi. Ongeza notmuch kama hutafuta mambo ya zamani mara kwa mara.

Ikiwa unaandikiana na watu wa Maskati au Dubai na barua huja kwa hati ya Kiarabu, pima terminali yenyewe kabla ya programu, kwa kuwa uwezo wa kupanga herufi kutoka kulia kwenda kushoto hutoka hasa huko.

Ikiwa skripti yako inatuma tu, tumia msmtp, na mailx au Mutt juu yake pale kiambatisho kinapohitajika. Mutt ina faida ya kwamba `-a` yake haibadiliki kutoka seva hadi seva. Kumbuka pia kwamba akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha barua 500 kwa siku, na kikomo cha megabaiti 25 kwa viambatisho, na kwamba kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi kabla ya kutumwa, hatua inayokiongezea takriban theluthi ya ukubwa. Faili lililo karibu na kikomo halina uhakika wa kupita.

Ikiwa skripti inapaswa kusoma, Himalaya kwa barua zilizo kwenye IMAP, au notmuch ikiwa tayari unazishusha.

Na ikiwa mashine hiyo hiyo ina mtu anayesoma mchana na kroni inayotuma usiku, sakinisha mbili, kila moja na faili lake la mipangilio na nywila yake. Kisha zima mashine, iwashe bila kuingia kwa jina lako, subiri ratiba ifike, na uangalie kama barua imeingia.